Nchi yenye mabunge mawili: muswada unapitaje, na pande mbili zikikataana nani anamaliza?

Mdau_wa_Kivukoni

Habari za jioni wakuu. Naomba darasa kutoka kwa wanaojua kazi za Bunge kwa undani.

Tangu Seneti ya Kenya ilipomwondoa Naibu Rais Oktoba 2024, mjadala wa mabunge mawili hauishi hapa Dar, kuanzia vijiweni Kariakoo mpaka vyumba vya semina kule Mlimani. Wapo wanaosema muswada unajadiliwa mara mbili kwa kupoteza muda tu. Wapo wanaosema Seneti ndiyo kubwa, lile Bunge lingine ni la kuanzia. Halafu kuna wanaofungua Katiba yetu ibara ya 62, wanasoma kwamba Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, wanahitimisha kwamba hata sisi tunayo mawili na la pili ni Baraza la Wawakilishi Zanzibar.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: muswada unatembeaje hatua kwa hatua kati ya pande hizo mbili? Wakikataana inakuwaje, muswada unakufa au kuna mwenye neno la mwisho? Kura zinahesabiwaje, maana kwenye TV niliona seneta mmoja anapiga kura kwa niaba ya kaunti nzima, siku nyingine kila mmoja anapiga yake. Na hilo la ibara ya 62, ni kweli au watu wanasoma vibaya?

Anayejua atoe na namba za ibara ili tuweze kwenda kusoma wenyewe.

Kanuni_za_Kudumu

Mkuu, nitakaa Kenya kwa sababu ndiyo mfano ulioutaja na ndio ulio karibu.

Weka pembeni kwanza hilo neno "kubwa". Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi hili ni bunge la juu na lile la chini. Inayagawia kazi. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349: 290 wa majimbo, wanawake 47 wanaochaguliwa mmoja kila kaunti, na 12 wanaoteuliwa kupitia vyama. Ukimwongeza Spika ni 350. Seneti ina maseneta 67: 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, vijana 2 na watu wenye ulemavu 2. Na Spika wake wa 68. Bunge la Kitaifa linawakilisha wananchi wa majimbo, Seneti inawakilisha kaunti (ibara ya 96). Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Hatua ya kwanza kabisa watu wengi hawaijui, kwa sababu haifanyiki ukumbini. Kabla upande wowote haujaanza kuujadili muswada, Maspika wawili wanakubaliana kama muswada huo unahusu serikali za kaunti au la, na kama unahusu, ni wa kawaida au ni maalumu. Iko ibara ya 110(3). Usiohusu kaunti unamalizikia Bunge la Kitaifa, Seneti haiuoni. Unaohusu kaunti lazima upite pande zote mbili. Muswada wa fedha, yaani wa kodi na matumizi, unaanzia Bunge la Kitaifa peke yake.

Hapo ndipo penye makosa makubwa. Spika mmoja akiamua peke yake kwamba muswada hauhusu kaunti, sheria inapita, inasainiwa, inaanza kutumika, halafu mtu anakwenda mahakamani. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria 23 ni batili kwa sababu zilipitishwa bila Seneti kushirikishwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu ya hukumu hiyo, lakini fikiria usumbufu wa katikati: sheria zimeshatumika, na hakuna mwenye uhakika kama zipo. Yote hayo kwa hatua ambayo kwenye karatasi ni barua tu kati ya ofisi mbili.

Sasa muswada wa kawaida unaohusu kaunti, ibara ya 112. Upande ulioanza unausoma, unaupeleka kwenye kamati, unaurekebisha, unaupitisha, kisha unautuma upande wa pili. Upande wa pili ukiupitisha kama ulivyo, unakwenda kwa Rais. Ukiurekebisha, unarudi kule ulikoanzia: wakiyakubali marekebisho unakwenda kwa Rais, wakiyakataa unakwenda Kamati ya Upatanishi. Ukikataliwa moja kwa moja na upande wa pili, unakwenda upatanishi vilevile.

Kamati ya Upatanishi (ibara ya 113) ina wajumbe sawa kwa sawa kutoka kila upande na ina siku 30. Wakikubaliana andiko moja, kila upande unalipigia kura ya ndiyo au hapana. Wakishindwa ndani ya siku 30, au upande mmoja ukilikataa andiko, muswada umekufa na hakuna wa kuufufua. Ukitakiwa tena, uletwe mpya tangu mwanzo.

Mfano halisi ni Muswada wa Mgawanyo wa Mapato wa 2019. Bunge la Kitaifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikataka bilioni 335. Upatanishi ukashindikana, muswada ukafa, na mwaka wa fedha ukaanza Julai kaunti zikiwa hazina sheria ya kugawiwa fedha. Ukaletwa mwingine, na mpaka Septemba ndipo wakakutana kwenye bilioni 316.5. Anayesema kugongana kwa mabunge ni mchezo wa wanasiasa aangalie miezi hiyo, kwa sababu hospitali za kaunti na mishahara ya watumishi wake vinategemea fedha hizo.

Kura: jambo linalogusa kaunti, Seneti inapiga kwa ujumbe wa kaunti (ibara ya 123). Kura ni 47, kila kaunti moja, na anayeipiga ni seneta wa kuchaguliwa, au asipokuwepo mwenzake aliyemteua, baada ya kushauriana na maseneta wengine waliojiandikisha kupiga kura kaunti hiyo. Ili jambo lipite linahitaji wingi wa jumbe zote, yaani 24. Soma tena: jumbe zote, siyo waliohudhuria. Kwa hiyo kaunti ambayo haikutokea imesaidia upande wa hapana. Mambo mengine kila seneta anapiga yake. Ndiyo maana uliona mitindo miwili kwenye TV.

Tarakimu

Naongeza upande wa kumwondoa Naibu Rais, maana ndiko mada ilikotokea na mahesabu yake watu wanayachanganya sana.

Utaratibu ni wa ibara ya 145, ambayo ibara ya 150 inautumia pia kwa Naibu Rais. Hoja haiwezi kuletwa mpaka iungwe mkono na theluthi moja ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa, yaani 117. Ili ipite inahitaji theluthi mbili ya wote, yaani 233. Tarehe 8 Oktoba 2024 waliounga mkono kumwondoa Rigathi Gachagua walikuwa 281. Baada ya hapo Spika ana siku 2 kumwarifu mwenzake wa Seneti, na huyo ana siku 7 kuitisha kikao.

Seneti haianzi hoja, inasikiliza mashtaka. Inaweza kuunda kamati ya watu 11 yenye siku 10 kuchunguza, au kusikiliza yenyewe ukumbini, na safari ile ilichagua ukumbi. Kila shtaka linapigiwa kura yake, na hapa kila seneta anapiga kivyake: theluthi mbili ya 67 ni 44.67, kwa hiyo 45. Tarehe 17 Oktoba mashtaka yalikuwa 11, yakathibitishwa 5, sita yakaanguka. Moja tu lingetosha.

Kosa la mahesabu linalojirudia ni kukata desimali kwenda chini. Katiba ikisema "angalau theluthi mbili", 44 haitoshi, na 232 haitoshi. Kosa la pili ni kuchukua theluthi mbili ya waliomo ukumbini badala ya wote.

Rais akiurudisha muswada bungeni kuna hesabu nyingine (ibara ya 115). Ana siku 14 kusaini au kurudisha na sababu. Kuupitisha bila kuyajali maoni yake kunahitaji 233 Bunge la Kitaifa, na kama muswada ni wa kaunti, jumbe 32 za Seneti, kwa sababu theluthi mbili ya 47 ni 31.33. Hapo anapewa siku 7, asiposaini unahesabika umesainiwa.

BintiUpanga

Mimi nijibu la ibara ya 62, maana linaniuma kila ninapolisikia, hasa likisemwa na mtu anayewafundisha wengine.

Ibara inasema Bunge la Jamhuri ya Muungano litakuwa na sehemu mbili, na sentensi hiyohiyo inazitaja: Rais na Wabunge. Basi. Maana yake ni kwamba ukumbi wa Dodoma peke yake hauwezi kutunga sheria, mpaka Rais atoe kibali. Akikataa, ibara ya 97 inaeleza: anaurudisha na sababu, na muswada hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa hivyo, ana siku 21 kuukubali au kulivunja Bunge. Kwa hiyo sehemu ya pili ya Bunge letu ni mtu mmoja mwenye kalamu. Ni chombo kimoja cha wawakilishi, kama ilivyokuwa tangu Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanza hapahapa Dar mwaka 1926.

Baraza la Wawakilishi je? Kipimo ni rahisi: muswada uleule unapigiwa kura sehemu zote mbili? Haupigiwi. Ibara ya 64 inalipatia Baraza mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na Bunge linabaki na ya Muungano pamoja na yasiyo ya Muungano kwa Tanzania Bara. Hivyo ni vyombo viwili vyenye mashamba mawili. Dodoma haisubiri kura ya Chukwani ili ipitishe bajeti ya Muungano.

Ila usiishie hapo, kuna nyuzi mbili zinazoviunganisha. Baraza linachagua wajumbe wake watano kuwa wabunge wa Muungano (ibara ya 66). Na ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inasema sheria ya Bunge itatumika Zanzibar ikiwa tu ni ya mambo ya Muungano, na waziri anayehusika aiwasilishe mbele ya Baraza. Kuwasilisha si kuipigia kura ya kuirekebisha, lakini pia si karatasi ya kupitisha mkono. Wanasheria wanabishana juu yake mpaka leo, na wana haki ya kubishana.

Kitu ambacho wengi hawakioni ni ibara ya 98. Mambo mazito yaliyo kwenye Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili, kwa mfano kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, hayabadilishwi mpaka yapate theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila kundi likihesabiwa peke yake. Yaani ndani ya ukumbi mmoja, kwa mambo hayo, kura zinakaa kwenye mizani miwili. Bunge Maalum la Katiba la 2014 nalo lilihesabu kwa pande mbili namna hiyohiyo. Kazi ambayo nchi nyingine zimeipa Seneti, sisi tuliiweka kwenye kanuni ya kuhesabu kura.

Mdau_wa_Kivukoni

Dada BintiUpanga, asante sana, hilo la ibara ya 98 sikuwa nimelitazama hivyo kabisa. Kanuni na Tarakimu pia nawashukuru.

Swali dogo lililobaki: Kenya muswada ukikwama unakufa. Nchi zote zenye mabunge mawili ziko hivyo? Maana kama upande mmoja unaweza kuua kila kitu, serikali inafanyaje kazi?

Kanuni_za_Kudumu

Haziko hivyo. Ukitaka kuijua nchi yenye mabunge mawili, acha majina ya kumbi, nenda kwenye ibara inayosema wakikwama inakuwaje.

Hata Kenya yenyewe siyo hivyo kwa miswada yote. Ule muswada maalumu, mfano wa kugawa fedha kati ya kaunti na kaunti, Seneti ikishaupitisha Bunge la Kitaifa linaweza kuurekebisha au kuukataa kwa theluthi mbili tu. Zisipopatikana, Spika ana siku 7 kuupeleka kwa Rais ulivyo. Huo hauendi upatanishi.

Uingereza wameegemea kwa waliochaguliwa. Bunge la Makabwela lina wabunge 650 wa kuchaguliwa, Malodi hawachaguliwi na wananchi. Sheria ya Bunge ya 1911 iliwanyang'anya Malodi uwezo wa kuua miswada mingi, na ya 1949 ikafupisha ucheleweshaji kutoka takribani miaka miwili kuwa mmoja. Muswada wa fedha wanaweza kuushikilia mwezi mmoja tu. Kuna kimoja walichoachiwa wakiue kabisa wakitaka: muswada wa kurefusha uhai wa Bunge kupita miaka mitano. Huo ni ulinzi wa maana, kwa sababu wabunge wasingeaminiwa kujiongezea muda wenyewe.

Afrika Kusini wana Baraza la Taifa la Majimbo, majimbo 9, kila moja wajumbe 10. Muswada unaogusa majimbo kila jimbo lina kura moja, unahitaji majimbo 5. Wakikwama kuna kamati ya watu 18, tisa kwa tisa, na siku 30. Mpaka hapo utadhani ni Kenya. Lakini upatanishi ukishindikana kwa muswada uliotokea Bunge la Taifa, Bunge hilo lenye wabunge 400 linaweza kuupitisha lenyewe kwa theluthi mbili, kura 267. Mlango wa dharura upo, ila umewekwa juu.

Marekani ndiko ambako hakuna mlango. Wawakilishi 435 kwa miaka miwili, maseneta 100 kwa miaka sita, wawili kila jimbo, California sawa na Wyoming. Wasipokubaliana muswada haupo. Kwa miswada mingi Seneti inahitaji kura 60 kufunga mjadala kabla hata ya kufikia kura yenyewe, na hiyo ni kanuni ya Seneti, haimo kwenye Katiba yao. Sheria inayohitajiwa na wengi inaweza kukaa miaka bila kupigiwa kura. Kwa maoni yangu hiyo ni gharama kubwa mno.

Na kosa ambalo mtu wa karatasi analiogopa kuliko yote: pande mbili kupitisha maandishi yasiyofanana. Ni lazima yafanane neno kwa neno na tarakimu kwa tarakimu. Mwaka 2006 Rais Bush alisaini sheria ya kupunguza nakisi ya bajeti. Seneti ilikuwa imepitisha miezi 13 kama ukomo wa malipo ya kukodi vifaa fulani vya matibabu. Karani akaandika 36 kwenye nakala iliyokwenda kwa Wawakilishi, nao wakapitisha 36. Kilichosainiwa kilikuwa na 13. Kesi zikafunguliwa, mahakama zikakataa kuchimba nyuma ya nakala iliyothibitishwa na viongozi wa pande zote mbili. Tarakimu moja tu ya karani ilitosha kuleta yote hayo.

Tarakimu

Kwenye kura za pamoja niongeze Ujerumani. Bundesrat, yaani baraza lao la majimbo, ina kura 69. Kila jimbo lina kati ya 3 na 6 kulingana na idadi ya watu, wingi ni 35, na kura za jimbo moja haziwezi kugawanyika. Machi 2002, kwenye sheria ya uhamiaji, mjumbe mmoja wa Brandenburg akasema ndiyo, mwingine hapana. Mwenyekiti akahesabu kura zote 4 za jimbo kuwa ndiyo. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria nzima. Kura zikishakuwa za ujumbe, kanuni iseme wazi nani anaipiga na wakitofautiana inakuwaje. Kenya walifanya vizuri kumtaja mkuu wa ujumbe ndani ya Katiba.

Mzee_wa_Ilala

Vijana mmeeleza vizuri. Niseme moja kwa wale wanaodai na sisi tuwe na Seneti.

Kuwa nayo si safari ya kwenda mbele tu. Kenya ilikuwa na Seneti tangu 1963, ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi wao mwaka 1966, ikarudi kwa Katiba ya 2010. Senegal waliifuta yao 2012. Mauritania wakaifuta kwa kura ya maoni 2017.

Hoja inayotolewa hapa nyumbani ni kwamba Seneti ingeilinda Zanzibar. Tupige hesabu kabla ya kushangilia. Mikoa ni 31: Bara 26, Zanzibar 5. Ukisema kila mkoa viti sawa kama kaunti za Kenya, Zanzibar inapata 5 kati ya 31, asilimia 16. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, Zanzibar kama milioni 1.9, asilimia 3. Mtu ataona 16 ni nyingi. Lakini kwenye Bunge hilihili la ukumbi mmoja, Zanzibar ina majimbo 50 kati ya 272 ya uchaguzi wa 2025, asilimia 18, bado hujahesabu wale watano wa Baraza. Seneti ya mikoa ingeipa Zanzibar sehemu ndogo kuliko iliyonayo sasa, na kwa gharama ya ukumbi, makatibu, kamati na posho.

Ikiwa ni nusu kwa nusu, hilo ni jambo jingine, ila hapo mnarudi kwenye mizani ya ibara ya 98 aliyoieleza Binti, mkiipanua kutoka mambo manane ya orodha ile hadi miswada ya kawaida. Anayeitaka Seneti atuambie kwanza viti vinagawiwa kwa mkoa, kwa upande wa Muungano au kwa watu, kisha aandike ile ibara ya kukwama: siku ngapi za upatanishi, na siku ya 31 muswada unakufa au unakwenda wapi.

Mdau_wa_Kivukoni

Shikamoo mzee, na asante. Naanza na ibara ya 110 hadi 115 za Kenya usiku huu, halafu 62, 64, 97 na 98 za kwetu. Nikikwama nitarudi hapahapa na namba ya ibara.